Kule Baba Ni Mmoja Tu

Mdogo wangu alipigwa picha ya viza mara nyingi kuliko bibi harusi, na kila mara mimi ndiye niliyefukuzwa studio.

Masharti yalitujia kwa simu, kutoka kwa dada mkubwa wa mama. Sisi tunamwita mama mukubwa, na anaishi Ubelgiji tangu mimi sijaota meno. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka mama aende harusini na mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka minne. Mimi sikuwemo. Nilikuwa na mitihani, na zaidi ya mitihani nilikuwa na mdomo. Mama alisema mdomo wangu ungewafukuzisha Ulaya kabla ndege haijazima injini.

Hapa Kasha tulidhani mtoto mdogo anasafiri kama kifurushi: unamfunga kikwembe mgongoni, unapita. Ukienda Lwiro kwa gari, hakuna anayemhesabu mtoto aliyekaa mapajani. Kumbe Wazungu hawajui mapaja. Mtoto anatakiwa awe na paseporo yake, fomu yake na foto yake. Na foto yenyewe: nyuma pawe peupe, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, asicheke, asilie, na mkono wa mtu mzima usionekane.

"Mwenye aliandika hii hajazala hata kuku," mpiga picha akasema.

Alitundika shuka nyeupe, akamkalisha mdogo wangu juu ya kiti, mama akajificha nyuma ya shuka akimshikilia kiuno. Mdogo wangu akanyamaza kama mtakatifu wa kanisani. Kisha akanitazama. Mimi sikufanya kitu. Nilitoa tu ulimi kidogo, kwa heshima.

"Toka!" mama akafoka kutoka ndani ya shuka, kama mzuka.

Picha iliyokubalika mwishoni ilimwonyesha amenuna kama mtu aliyeibiwa kuku. Ndiyo waliyoitaka.

Sharti la mwisho lilikuja kama chumvi iliyosahaulika, inayomwagwa juu ya mboga ya sombe watu wameshanawa. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja tu, yule mwingine aandike ruhusa, atie sahihi mbele ya ofisa, na karatasi ipigwe muhuri.

Yule mwingine. Nilipomsomea mama hapo, alitazama mlango. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na msumari, na juu ya msumari koti la mvua la papa, baba yetu, ambalo hakuna aliyewahi kulisogeza, hata siku tulipopaka chokaa. Tulipaka kulizunguka.

Papa alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Kamituga wakati mdogo wangu hajajua kukaa. Alisema atamaliza msimu mmoja. Kule karyeri, yaani machimboni, mwenye shimo anaitwa pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni. Basi mimi ni binti wa pedeje. Kampuni yake ni shimo, sururu na tochi ya kichwani. Jumapili anapanda mlima kutafuta mtandao, anapiga simu, na kila Jumapili shimo liko karibu kutoa. Shimo hilo liko karibu kuzaa tangu mdogo wangu anatambaa. Nilimwambia mama labda tulitafutie mkunga.

Mama alikuwa ameshamwita kwa kila njia. Alimwita kwa Noeli, akamwita kwa Pasaka, akafanya novena. Mimi nilimwita kwa kipaimara changu. Akanitumia salamu na mtu wa moto, dereva wa pikipiki. Si kwamba papa hatupendi. Kwetu mwanaume akitoka karyeri, majirani wanamtazama mikono kabla ya uso, na papa hakutaka kutazamwa mikono.

Kwa hiyo nikawa namtania. Shuleni nilikuwa na vichekesho vya papa pedeje vya kutosha mwaka mzima, na rafiki zangu waliviomba kama watu wanavyoomba wimbo. Mtu unayemtania ni kama yuko chumba cha pili, anasikia, na wakati wowote atatoka na kandambili mkononi. Nilipiga kelele sana ili atoke.

Sasa ruhusa hiyo. Mdogo wake papa, ambaye sisi tunamwita papa mudogo, ni menizye. Anatengeneza milango na vitanda uwanjani kwetu, na kila tunachokula kina vumbi la mbao. Aliposikia habari ya sahihi alishangaa kwa nini mama anahangaika.

"Hii njo inakunyima usingizi? Kusinye? Na mimi niko wapi?"

Akapiga mswaki, akavaa koti lake la misa, akaenda komini, kwenye ofisi ya serikali, na mama. Waliporudi alituigizia yote, akiwa ofisa na akiwa yeye mwenyewe, akibadilisha viti.

"Ofisa ananiuliza: papa, wewe njo baba wa mutoto? Mimi nikamujibu: mimi njo baba yake. Akaangalia mutoto, akaangalia mimi, akaona pua iko moja. Akachukua kashe: puuu!"

Tulipiga makofi. Na sikilizeni, hakuna aliyedanganya hapo. Ndugu wa baba ni baba. Mtu mwingine angejibu nini? Yeye ndiye aliyempeleka mdogo wangu chanjo. Yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali juu ya mabega siku ya homa, mvua inanyesha, huku anatukana moto zote zilizokataa kusimama. Kitanda anacholalia mtoto kilitoka mikononi mwake, na amekirefusha tayari. Ofisa naye ni mtu wa hapa, ana baba zake kadhaa kama sisi sote. Alipiga muhuri kwa moyo safi.

Mama akapiga picha karatasi zote, akazituma kwa mama mukubwa azikague kabla ya kupanda ndege ya Kinshasa kuziweka ubalozini. Simu ililia tukiwa tunakula. Mama akaifungua sauti, maana habari njema husikilizwa na wote.

"Eti, huyu mwenye alisinye ni nani?"

"Ni papa mudogo," mama akajibu.

"Papa mudogo wa nani?"

"Wa batoto."

Tukasikia mama mukubwa anavuta pumzi kule Ubelgiji.

"Dada yangu, mumefanya nini? Walisema baba!"

Papa mudogo akanawa mkono taratibu, akachukua simu.

"Shemeji, njo mimi. Njo mimi baba."

"Shemeji, mimi najua. Lakini jina ya mu akte ya kuzaliwa haiko yako."

"Ile jina iko ya kaka yangu. Mimi na ye tulitoka mu tumbo moja. Kosa iko wapi?"

"Huku Bulaya baba iko mumoja tu."

"Mumoja tu?" Sauti ya papa mudogo ikashuka, ikajaa huruma. "Masikini. Na akikufa?"

Mama mukubwa alicheka mpaka simu ikakoroma. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Shemeji, wakiona hii watakatala mutoto, na mama yake watamukatala pamoja naye. Watazania anaibwa. Ambieni ule mumoja atoke mu shimo."

Simu ikakatika. Papa mudogo akarudi kwenye sahani yake, lakini mkono ulibaki juu ya goti. Watu wazima walitazama ukuta, kwa hiyo akaniuliza mimi.

"Sasa mimi siko baba?"

"Papa mudogo, wewe ni baba mpaka mto Ruzizi," nikamwambia. "Ukivuka daraja la mpakani, unakuwa tonton, ami tu."

Akacheka. Lakini bugali wake aliuacha, na papa mudogo haachi bugali.

Jumapili papa alipopiga, upepo wa mlima ulikuwa unapiga kelele kuliko yeye. Mama hakusalimia.

"Papa batoto, unapashwa kuya."

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Iko muzima. Ambasade inaomba."

"Inaomba nini?"

"Wewe."

Upepo tu. Nikadhani ameteremka mlima.

"Mama batoto, niko mikono mitupu."

"Hawakuomba zahabu," mama akasema. "Waliomba mukono moja, ya kushika kalamu. Hata kama iko mutupu, ulete."

Na papa akasema, "Nakuya."

Hivyo tu! Mimi niliyesimama mbele ya askofu nimevaa viatu vya kuazima, nikitazama mlango wa kanisa mpaka katekista akanigeuza kichwa, sikuweza kumleta. Na huyu mtoto, ambaye bado anavaa viatu kinyume, anamtoa mtu shimoni kwa foto moja ya kununa. Nilimwonea wivu kiasi kwamba nilimpa nyama yangu ya siku hiyo, nisije nikamfinya.

Alifika alasiri, mvua inanyesha, nyuma ya moto, tope hadi kwenye nyusi, na bidon ya mafuta ya mawese katikati ya magoti. Nilimwona kupitia dirishani. Akamlipa mtu wa moto, akaja mpaka mlangoni, akasimama. Kisha akagonga.

"Hodi."

Mlango ule alituwekea yeye mwenyewe na papa mudogo, na hakuna mtu wa nyumba hii anayepiga hodi. Mdogo wangu akakimbia kufungua, akamtazama kutoka buti hadi kofia, akageuka ndani.

"Mama, kuko mugeni! Iko na mafuta!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Walitazamana juu ya kichwa cha mtoto.

"Mugeni gani?" mama akasema. "Ingia kwako."

Miaka yote nilikuwa nimeandaa kitakachosemwa siku hiyo. Ningesimama mlangoni kama askari wa mpaka, ningenyoosha kiganja, niseme: paseporo, bwana, na kusudi la safari. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi. Papa akavua kofia, akaniona nyuma ya mama, akasema, "Mama."

Ananiita hivyo kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Nilifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa "karibu, papa," kwa sauti ya mtawa.

Alitaka kutoka nje kuosha tope, akachukua koti lake kwenye msumari bila kutafuta, kama vile alilitundika jana. Akalivaa. Mabega ya koti yakashuka karibu na viwiko.

Wakati wa kula, mdogo wangu alikaa mapajani mwa papa mudogo na kumtazama papa kama watoto wanavyomtazama padri mgeni: kwa adabu, na kungoja aondoke. Papa alimwekea sambaza, dagaa wa ziwani, pembeni ya sahani yake. Akazila zote, akasema "asanti, papa mugeni." Papa mudogo akakohoa kama aliyemeza mwiba.

Kesho yake tulikwenda komini sote, kwa sababu mama alisema safari hii hataki kubahatisha baba. Atawapeleka wote, ofisa achague. Nilikosa hisabati kwa ajili hiyo, na sijutii. Ofisa alikuwa yule yule.

"Lakini mama, hii dosye nilipiga kashe tayari. Ule papa wa juzi..." Akamwona papa mudogo nyuma ya mlango. "Si njo huyu?"

"Ule iko mudogo yangu," papa akasema. "Mimi njo mukubwa."

"Basi ilikuwa sawa!"

"Hapa iko sawa," mama akasema. "Kule, baba ni mumoja."

Ofisa akatikisa kichwa kwa ajili ya watu wa kule. Halafu, nadhani alitaka tu kupunguza uzito wa mambo, akainama juu ya meza akamuuliza mdogo wangu, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa watoto na mbuzi, "Kadada, papa yako ni nani?"

Mdogo wangu hakufikiri. Akageuka, akanyoosha kidole kwa papa mudogo.

Nje kulikuwa na mtu anauza vocha, nikasikia kila neno lake. Papa mudogo akatazama viatu vyake. Nilitafuta kichekesho, nilitafuta kweli kweli, chochote, hata kile cha mkunga. Hakikuja.

"Hakukosea," papa akasema. "Lete kalamu."

Ofisa aliona aibu, akamletea na kiti. Lakini sahihi ilitakiwa ifanane na ile ya kwenye kadi yake ya uchaguzi, na mikono ya papa ilikuwa imezoea sururu. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, kalamu ilipotea humo kama njiti. Ofisa akampa karatasi chakavu ajaribu kwanza. Papa akaandika jina lake. Likaanguka upande. Akaandika tena, likawa kama la mtu mwingine. Akaendelea kushuka na karatasi, ulimi umetoka kidogo pembeni, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Papa mudogo akaja nyuma yake, akainama begani.

"Kaka, ule mukia wa mwisho ulikuwa unapanda. Wewe unaushusha."

"Ulikuwa unapanda?"

"Unapanda, na unazunguka. Saa ile ulikuwa unasinye bulletin yangu ya masomo, kwa sababu papa muzee alikuwa hajue kuandika. Mimi nilikuwa naangalia sana. Nilitaka kukuibia ile mukia."

Papa akapandisha mkia, akauzungusha. Akaruka nafasi, na chini kabisa ya karatasi likatoka jina lake lote, limesimama wima. Kisha akatia sahihi kwenye ruhusa yenyewe, haraka, kabla mkono haujasahau. Puuu, muhuri. Ofisa akanyanyua karatasi chakavu aitupe.

"Nipe hiyo," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya choo."

Mama akanikanyaga mguu. Lakini nikapewa.

Nilikata kile kipande cha chini chenye sahihi nzuri, nikiacha nafasi nyeupe juu yake. Nimesoma masharti yote ya viza kwa sauti, mara ngapi, kwa ajili ya mama; najua karatasi hizo zinavyozungumza. Nikaandika juu ya sahihi, kwa mwandiko wangu wa mtihani: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini, baba wa mtoto huyu mwenye mdomo, ninakubali kurudi nyumbani, mikono ikiwa imejaa au mitupu, kabla koti halijanizidi zaidi ya hapa.*

Siku aliyokuwa anarudi karyeri, asubuhi, nilimkuta uwanjani anamsaidia mama kumimina mafuta ya mawese kutoka kwenye bidon kwenda kwenye chupa. Mdogo wangu alikuwa anashika faneli kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaanza kumwita "papa wa mafuta", jambo ambalo kwa kasi ya ukoo wetu ni hatua kubwa. Moto ilikuwa inangoja barabarani, inapiga honi.

Nikampa karatasi. Akaisoma polepole, midomo inatembea. Alipofika kwenye koti alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa pua kwanza. Mimi pia ndivyo ninavyocheka, na nilidhani nimejianzishia mwenyewe.

"Mama, hii ni uongo. Mimi sikusinye hii."

"Sahihi iko ya nani?"

Akaitazama sahihi. Akatazama moto. Akacheka tena, lakini safari hii kidogo.

"Haina kashe," akasema. "Karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga."

Katika nchi hii, hapo mtu ameshinda.

Kisha akatazama mkono wake, ambao ulikuwa na mafuta mekundu mpaka kwenye kifundo. Akaiweka karatasi juu ya goti, akabonyeza kidole gumba pembeni ya jina lake, akakiacha pale muda mrefu kuliko muhuri wowote unavyokaa.

"Puuu," akasema, taratibu.

Akanirudishia. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, mama akamletea koti kutoka nyuma ya mlango. Papa alilipokea, akaingia nalo ndani, akalitundika tena kwenye msumari wake, akatoka bila koti na kupanda moto. Hakugeuka. Njia ya kwetu ina mashimo, anayegeuka anaanguka.

Viza ilitoka. Mama na mdogo wangu wako Ubelgiji ninapoandika haya, harusi imeisha, na wananiletea chokoleti kama mdogo wangu hataimaliza kwenye ndege. Kwenye simu mama anasema mtoto anawaringia watoto wa kule kwamba yeye ana baba wawili, mmoja wa vitanda na mmoja wa mafuta, na kwamba watoto hao hawaamini, na anawahurumia. Juzi alivuta simu akaniuliza kama papa wa mafuta amefika. Nikamwambia shimo liko karibu kutoa. Akasema, "Ambia yeye mimi nitasinye."

Jumapili papa bado anapanda mlima. Siulizi. Karatasi yangu naiweka ndani ya kitabu cha jiografia, ukurasa wa mito, ambao hakuna mwalimu anayefika. Nilidhani alama ya kidole itakauka kama wino, lakini mafuta ya mawese hayakauki. Yanatembea. Kila nikifungua kitabu, doa limepanda kidogo, karatasi imekuwa nyembamba na ya manjano, na ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Limeshapita sahihi. Wiki hii limefika kwenye neno "kurudi", na bado linasomeka.